Gemu la kirusi na kosa la rangi mbili

Leo siongelei sukari wala vocha.

Hapa dukani kwangu Kahe kuna madogo wawili waliomaliza form four, wanakuja kuchaji laptop yao ya mtumba. Wanatengeneza gemu la kufundisha watoto kuhusu virusi. Kompyuta hawajasomea popote. Wanatumia Scratch, programu ya bure iliyobuniwa chuo cha MIT kule Marekani. Ukishaishusha inafanya kazi bila bando, na Kiswahili ipo. Unapanga vipande kama matofali, gemu linasogea.

Toleo la kwanza lilikuwa tamu kweli. Kirusi kinashuka toka juu, wewe unakitwanga kwa vidonge vya rangi mbili. Watoto walijaa mlangoni mpaka wateja wakawa wanaomba njia. Basi binti mmoja wa darasa la nne akaniambia, "Kaka, kumbe mama akiwa na mafua nimnunulie rangi mbili."

Nikaishiwa maneno. Rangi mbili ni antibayotiki, inaua bakteria. Mafua ni virusi, haiwagusi. (Na tusiwacheke watoto, wakubwa wangapi wakipiga chafya mbili wanazikimbilia?) Kwenye gemu mtoto hasomi maandishi, anashika kile kinachompa pointi. Hata ukiweka bango la "nawa mikono" pembeni, kama pointi zinatoka kwenye vidonge atakumbuka vidonge.

Tukaenda zahanati kuuliza. Tukaambiwa tuchague kirusi kimoja kwanza, maana kila kimoja kina tabia yake. Madogo wakachagua Marburg, ile iliyotangazwa Kagera Machi 2023 ikaua watu 6, halafu ikarudi mkoa huohuo Januari 2025. Marburg inapita kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa. Dalili zinatokea kati ya siku ya 2 na ya 21, na kabla ya dalili mtu haambukizi. Korona ni tofauti, hata asiye na dalili anaweza kukuambukiza. Yaani kwenye Scratch ni tofali moja tu unabadilisha, lakini mtoto anajifunza ugonjwa mwingine kabisa.

Sasa mchezaji ni mwenye duka. Mteja akitapika mlangoni asimguse, apige 199, halafu awakumbuke wote waliomgusa ili wafuatiliwe siku 21. Pointi zinatoka hapo.

Kuhusu mtaji, usiogope. James Vaughan wa Uingereza alitengeneza Plague Inc. kama kazi ya jioni, kwa dola kama 5,000, likatoka 2012. Ndani yake wewe ndiye unayesambaza ugonjwa. Mwaka 2020, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, likaongezewa sehemu ya kuuzuia. Dola 5,000 bado ni nyingi? Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alianza na laptop ya dola 300 ambayo mama yake aliiwekea akiba miaka 3. Kuichaji tu alitembea masaa 3. Gemu lake linahusu amani, linaitwa Salaam.

Wateja wetu hawana bando la kuchezea, kwa hiyo gemu liwe tayari kwenye kifaa. Kule Kisumu, Kenya, watafiti wa gemu la Tumaini, la kujikinga na VVU, waliwapa watoto wa miaka 11 hadi 14 simu zenye gemu ndani tayari. Sisi simu za kugawa hatuna, tunatumia laptop ileile kwenye kona ya duka, mia mbili kwa dakika 15, hela inaenda kwenye umeme.

Binti wa darasa la nne kashacheza mara mbili. Mara zote mbili kamsahau muuza nyanya aliyemshika mgonjwa mkono.