Kiatu Kipya cha Kupandia Miamba na Mguu wa Anayeanza

Robota la viatu vya mitumba linapofunguliwa katika vibanda vya Tegeta na Wazo, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, huweza kuchomoza humo kiatu ambacho hata muuzaji hakijui jina. Ni chepesi, kimefunika mpira hadi juu ya vidole, soli yake ni laini isiyo na mikato wala meno, na pua yake pengine imeinama chini kama mdomo wa kasuku. Mnunuzi akikijaribu hukuta vidole vimesukumwa mbele vikakunjamana, akakirudisha kwa kudhani namba si yake. Huenda namba ni yake kabisa. Hicho ni kiatu cha kupandia miamba, na kimeshonwa makusudi ili kibane.

Mchezo wa kupanda miamba bado ni mgeni kwa Watanzania wengi, ingawa uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Majirani wa Kenya wameuzoea zaidi: wapo wanaojifunzia Hell's Gate karibu na Naivasha, na wapo wanaokwenda kwa kamba hadi vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) katika Mlima Kenya. Kijana wa Wazo anayetazama picha hizo huinua macho na kuona kilima chake mwenyewe kimechongwa kuta za mawe ya chokaa. Kuta hizo si uwanja wa michezo. Ni machimbo ya kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, na mwamba uliokwisha kupasuliwa kwa baruti huwa na nyufa zisizoonekana kwa macho. Jiwe analolishika mpandaji linaweza kumfuata chini. Anayetaka kujifunza atafute ukuta uliotengenezwa kwa kazi hiyo na mkufunzi anayejua kamba.

Lipo jambo linalochanganya watu tangu mwanzo, nalo ni kudhani kwamba kiatu hiki ndicho kinachohitajika kupandia Mlima Kilimanjaro. Sivyo. Njia za kawaida za Kilimanjaro, kama Marangu na Machame, ni za kutembea. Hata pale penye ukuta wa Barranco, ambapo msafiri hushika mwamba kwa mikono, miguuni huwa na buti. Buti la safari lazima libaki na nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole kirefu, kwa sababu wakati wa kuteremka mguu huteleza mbele na kucha hugonga ncha ya kiatu mamia ya mara. Kiatu cha mwamba hutaka kinyume chake: hakuna nafasi mbele, hakuna soksi, hakuna hewa kisiginoni. Aliyechagua kimoja kwa kanuni za kingine ataumia kwa vyovyote.

Sababu ya kubana ni ya kimaumbile. Katika mwamba, uzito wa mwili wote huweza kusimama juu ya kibonye kisichozidi upana wa kidole. Mguu wa kawaida, wenye mifupa 26 na maungio mengi, ungelegea na kujikunja hapo. Kiatu kinachobana huvifunga vidole pamoja, kikaupa mguu ukakamavu wa patasi, na kuupeleka uzito kwenye kidole gumba. Mpira wa soli hufanya kazi ya kushika. Mfaransa Pierre Allain alitengeneza viatu vya namna hii katika miaka ya 1930 kwa ajili ya miamba ya Fontainebleau, karibu na Paris, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mpira laini zaidi unaonata, ambao ndio mzazi wa soli za leo. Ndiyo maana fundi viatu wa mtaani, hata awe hodari kiasi gani, asipewe kazi ya kubadili soli hiyo kwa mpira wa tairi. Mpira wa katambuga umetengenezwa udumu miaka barabarani. Kwenye mwamba laini hautashika.

Hata hivyo, ukakamavu huo una kiwango chake, na mwanagenzi hauhitaji wote. Wapandaji mashuhuri huvaa viatu vilivyopinda sana, pungufu kwa namba moja au mbili kuliko vya matembezi, kwa sababu hupanda kuta zilizoinamia mbele yao na huvivaa kwa dakika chache tu. Anayeanza hupanda kuta zilizosimama au zilizolala kidogo, hukaa muda mrefu juu ya kila hatua, na miguu yake bado haijui pa kukanyaga. Kwake kiatu bapa, kisichopinda, kinachokumbatia bila kuumiza ndicho kinachofaa. Uchunguzi uliofanywa kwa wapandaji wa Ulaya umeonyesha kwa kurudiarudia kwamba wengi wao huvaa viatu vidogo kuliko miguu yao na kwamba wengi huishi na maumivu ya miguu kama jambo la kawaida. Kidole gumba kinachopinda kuelekea wenzake, sugu juu ya maungio, kucha zilizoingia nyamani na uvimbe nyuma ya kisigino ni malipo yanayokuja polepole. Mtoto ambaye mifupa yake ingali inakua asivishwe kiatu cha kubana hata kidogo, wala asinunuliwe kikubwa cha kukulia, kwa maana kitamtelezesha. Kinachofaa ni kupima mguu wake upya kila baada ya miezi michache.

Kukijaribu kiatu kipya ni kazi inayotaka subira. Ijaribiwe jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, hasa katika joto la Dar es Salaam, na kiatu kilichotosha saa mbili asubuhi huweza kukataa saa kumi na moja. Kivaliwe bila soksi, miguu yote miwili, kwa kuwa ni kawaida mguu mmoja kuuzidi mwingine, na namba ifuate ule mkubwa. Vidole vyote viiguse ncha ya kiatu lakini vilale bapa au vijikunje kidogo tu. Vikipandana kama samaki kapuni, kiatu ni kidogo. Kisigino kishikwe bila uwazi. Kisha asimame juu ya ukingo wa ngazi au tofali kwa ncha ya kiatu, akahesabu hadi thelathini, akashuka, akarudia. Akitembea dakika kumi dukani ajiulize swali moja: je, kinachobana kinabana pote kwa usawa, au kuna mahali pamoja panapowaka? Kubana kwa usawa huzoeleka. Panapowaka pamoja ndipo patakapokuwa lengelenge kesho.

Wauzaji husema, "Kitajiachia." Hilo ni kweli nusu. Ngozi halisi isiyo na bitana hutanuka, pengine hata kufikia namba moja nzima. Kitambaa cha viwandani hutanuka kidogo sana, na ncha iliyofunikwa mpira haitanuki karibu kabisa. Kwa hiyo kiatu cha ngozi kinachobana ubavuni kinaweza kungojewa, bali kile kinachoponda ncha za vidole hakina ahadi yoyote. Hata kinachofaa kivuliwe kila baada ya kupanda, mguu upumzike, jasho likauke.

Kuhusu vya mitumba, bei huvutia, na si vibaya kuvinunua. Kitazamwe kwanza chini ya kidole gumba, ambapo mpira huisha mapema. Ukibonyea kwa kidole au tabaka zikiwa zimeachana, kiatu kimekwisha. Kwa kuwa huvaliwa bila soksi, kiatu cha mtu mwingine huja na jasho lake na pengine fangasi wake. Kifutwe ndani, kianikwe mahali penye hewa hadi kikauke kabisa, na mvaaji akaushe katikati ya vidole kila anapokivua. Mkwaruzo mdogo baina ya vidole vilivyochakazwa na fangasi ni mlango wa kutosha kwa bakteria kuingia mguuni.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yanategemea jambo moja ambalo watu hulichukulia kuwa lipo daima: kwamba mguu unasema ukiumizwa. Mwanagenzi mwenye afya huvua kiatu kwa sababu kinauma, na maumivu yake yamemwokoa. Mtu mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibika, au aliyewahi kuugua ukoma, huenda asisikie chochote. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma nchini India, alionyesha kwamba vidonda vya miguu yao havikuletwa na nyama mbovu. Vililetwa na shinikizo ambalo mtu mwingine angelikimbia. Kiatu kipya kinachobana hakihitaji nguvu kubwa. Shinikizo dogo lisilokoma kwa saa kadhaa huzuia damu kufika kwenye ngozi iliyo juu ya mfupa, ngozi ikafa, na jioni kidonda kipo. Dar es Salaam yenyewe imetoa ushahidi mzito zaidi wa ukimya huo: mwaka 2005 madaktari Zulfiqarali Abbas na Janet Lutale pamoja na mwenzao Lennox Archibald waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania ambao miguu yao iling'atwa na panya usiku wakiwa wamelala. Mguu usioamshwa na meno ya panya hauwezi kuachiwa kazi ya kuchagua kiatu.

Mhudumu wa afya anaweza kuupima ukimya huo bila chombo chochote. Mgonjwa afumbe macho. Mhudumu aguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi wa unyoya na kwa sekunde moja au mbili tu, ncha za kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Asibonyeze, asipapase, wala asirudie pale ambapo hakujibiwa. Zikipotea sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, mguu huo umepoteza hisia na unahesabiwa kuwa hatarini. Kipimo hiki kilianzia Ipswich, Uingereza, na kinafaa zahanati ya Wazo sawasawa na hospitali ya rufaa. Yapimwe pia mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Mwenye mguu wa hatari asivae kiatu cha kubana kwa sababu yoyote, uwe mchezo, harusi au buti la kazini. Viatu vyake viwe na urefu wa ndani unaozidi mguu kwa sentimita moja hadi mbili, na kipya kivaliwe kwa muda mfupi mwanzoni, mguu ukikaguliwa kila kinapovuliwa.

Kwa mpandaji mwenye hisia timamu, malalamiko yatakayofika zahanati huwa madogo. Lengelenge zima lisipasuliwe wala kumenywa, lifunikwe tu. Damu iliyovilia chini ya kucha ikiuma sana huweza kutobolewa kwa usafi na mwenye ujuzi katika siku moja au mbili za mwanzo, isiyouma iachwe. Hapa pana tahadhari inayostahili kusisitizwa kwa kila mhudumu. Doa la damu husogea mbele pamoja na kucha, ambayo katika mguu hukua takribani milimita moja na nusu kwa mwezi, hivyo ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kujibadili wote. Weusi usiosogea, unaotanuka kama mstari, au unaovuka hadi kwenye ngozi ya pembeni mwa kucha usisingiziwe kiatu. Saratani ya ngozi aina ya melanoma, inapowapata watu weusi, hupenda nyayo na chini ya kucha, na mara nyingi huchelewa kutambuliwa kwa sababu mgonjwa anakumbuka siku alipojikwaa. Mgonjwa wa namna hiyo apewe rufaa mapema kwa uchunguzi wa kinyama.

Je, mwenye kisukari anayependa kupanda miamba akatazwe? Hapana, ikiwa hisia zake zipo, mapigo ya miguu ni mazuri na hana kidonda wala ulemavu wa vidole. Achague kiatu bapa cha ngozi laini kisichogusa ncha za vidole kwa nguvu, apunguze muda wa kukivaa, akague nyayo kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani kila anaporudi, na apimwe hisia upya angalau mara moja kwa mwaka. Doa jekundu ambalo halijafifia dakika ishirini baada ya kuvua kiatu lina maana kwamba kiatu hicho kirudishwe dukani, au apewe mtu mwenye mguu mwembamba zaidi.