MTOTO AKIKATAA NYAMA, MZAZI AFANYE NINI?

Chukua mfano wa nyumba moja. Ni jioni. Baba amechinja mbuzi kwa sababu shemeji yake amekuja kutoka mbali. Nyama imeiva. Ugali umepakuliwa. Watu wote wananawa mikono. Binti wa miaka 15 anamega ugali, lakini hagusi nyama. Anachovya kwenye mchicha tu.

Baba anauliza, "Mwanangu, mbona huli nyama?"

Binti anajibu polepole, "Baba, mimi nimeacha nyama. Tangu alipochinjwa yule mbuzi niliyemlea, siwezi tena."

Baba anakasirika. Mgeni anatazama chini. Bibi anauliza kama mjukuu wake ni mgonjwa. Mama ananyamaza, lakini moyoni anaogopa. Anajisemea, "Mtoto huyu atakonda. Atapungukiwa damu." Usiku ule hakuna anayelala vizuri.

Ndugu mzazi, je, jambo hili likitokea nyumbani kwako, utafanya nini?

MSIKILIZE KWANZA

Wako wazazi watakaomlazimisha mtoto ale. Mtoto atakula huku analia, au ataficha nyama na kumpa mbwa. Wako wengine watakaosema, "Mwache, njaa itamfundisha." Huyo atashinda na ugali na chai ya rangi. Njia zote mbili ni mbaya. Ya kwanza inavunja mapenzi nyumbani. Ya pili inadhoofisha mwili.

Njia nzuri ni kumuuliza sababu yake na kumsikiliza. Mwingine anaacha nyama kwa huruma. Mwingine harufu yake inamchefua. Mwingine anafuata dini. Kwa mfano, Kanisa la Wasabato huwashauri waumini wake wapende vyakula vya mimea. Nchini India mamilioni ya watu hawali nyama, na ndivyo walivyoishi babu zao. Wanalima, wanasoma, na wanazaa watoto wenye afya. Kwa hiyo kuacha nyama si wazimu, wala si ugonjwa.

HESABU MWENYEWE

Sasa fanya hesabu ndogo. Mwezi uliopita, nyumbani kwako mlikula nyama mara ngapi? Mara mbili? Mara moja? Katika nyumba nyingi za vijijini nyama huonekana siku ya sikukuu, siku ya harusi, au mgeni anapokuja. Siku nyingine mlikula nini? Mlikula maharage, kunde, choroko, dengu, mlenda na matembele. Na watoto walikua.

Basi jua kwamba chakula kilichomkuza mtoto wako siku nyingi hakikuwa nyama. Kilitoka shambani kwako.

NYAMA INATUPA NINI?

Hata hivyo, usidharau hofu ya mama. Nyama ina faida tatu kubwa. Mtoto akiiacha, ni lazima apate faida hizo mahali pengine.

Faida ya kwanza ni protini. Protini ndiyo inayojenga mwili. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina protini gramu 20 hivi. Gramu 100 za maharage makavu nazo zina gramu 20 hivi. Karanga zina zaidi kidogo. Mahindi yana protini pia, lakini ina upungufu. Maharage yanaujaza upungufu huo. Kwa hiyo ugali na maharage vikiliwa siku moja vinasaidiana kama jembe na mpini. Lakini mchuzi wa maharage peke yake hautoshi. Mpakulie maharage yenyewe, sahani ijae vizuri.

Faida ya pili ni madini ya chuma. Madini haya yanasaidia kutengeneza damu. Msichana aliyevunja ungo anapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo anayahitaji zaidi kuliko kaka yake. Maharage, dengu, choroko na mboga za majani zina madini haya. Lakini mwili unachukua kwa shida madini ya chuma yaliyo katika mimea. Msaidie mtoto kwa njia mbili. Mpe tunda pamoja na chakula, kama vile chungwa, pera, embe au ubuyu. Tena asinywe chai pamoja na chakula, maana chai inazuia madini hayo. Angoje kwanza kama saa moja.

Faida ya tatu ni vitamini B12. Hii inalinda damu na mishipa ya fahamu. Hapa sikiliza vizuri. Vitamini hii haipatikani katika maharage, wala katika mboga, wala katika matunda. Inapatikana katika maziwa, mayai, samaki na nyama. Kijana asiyekula nyama wala samaki anywe vikombe viwili vya maziwa kila siku. Maziwa yachemshwe kwanza. Maziwa mgando pia yanafaa. Mayai yanaongeza. Kama hanywi maziwa na hali mayai kabisa, nenda naye kwenye kituo cha afya. Ataelezwa habari za vidonge vya vitamini hiyo.

Jambo jingine ni karanga. Chagua karanga kavu na safi. Zilizoota ukungu zina sumu. Zitupe.

MAPATANO

Turudi kwenye nyumba ile. Kesho yake baba anamwita binti chini ya mwembe. Mama yupo. Baba anasema, "Mwanangu, sikukasirika kwa sababu ya nyama. Ulinitia aibu mbele ya mjomba wako. Alidhani unamkataa yeye."

Binti anapiga magoti. "Baba, nisamehe. Sikukusudia kumdharau mjomba. Niliogopa kukuambia mapema."

Ndugu msomaji, umeona? Ugomvi haukuwa wa chakula. Ulikuwa wa heshima. Baada ya kuelewana hivyo, mapatano yanakuwa rahisi. Binti anaahidi mambo matatu. Atakula maharage, choroko au kunde kila siku. Atapanda tuta la mchicha na kunde nyuma ya nyumba. Na mgeni akija, atamsaidia mama kupika na kumkaribisha mgeni kwa furaha, bila kuwasema vibaya wanaokula nyama. Baba naye anaahidi kwamba hatamlazimisha wala kumcheka. Atahakikisha kwamba maziwa hayauzwi yote, na mayai hayaendi yote gulioni. Mama atamtengea binti mboga yake kabla ya kutia nyama chunguni.

Nawe kijana unayesoma habari hii, usimwachie mama kazi yote. Ukitaka chakula chako, shika jembe na shika mwiko. Mzazi akikuona unakula vizuri na una nguvu, hofu yake itaisha yenyewe.

DALILI ZA HATARI

Mtazame mtoto wako. Je, anachoka haraka? Anaona kizunguzungu? Ndani ya kope zake na viganja vyake pamekuwa peupe? Anakonda? Siku zake za mwezi zimekoma? Ukiona mojawapo, mpeleke zahanati apimwe damu. Usiseme upesi, "Ni kwa sababu ya kukataa nyama." Malaria na minyoo ya safura pia hupunguza damu, hata kwa mtu anayekula nyama kila siku.

Tena, kama mtoto anaacha nyama, kisha maharage, kisha ugali, kwa sababu anaogopa kunenepa, huo ni ugonjwa. Usimpige. Mpeleke kwa mganga wa zahanati.

Ndugu mzazi, mtoto anayekataa nyama hajakukataa wewe. Keti naye. Jaza sahani yake maharage, mboga na tunda. Mpe kikombe cha maziwa. Atakua, na nyumba itakuwa na amani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini baba alikasirika?
2. Taja vyakula vitatu vya shambani kwako vinavyojenga mwili.
3. Kwa nini si vizuri kunywa chai pamoja na chakula?
4. Vitamini B12 inapatikana katika vyakula gani?
5. Kama binti huyu angekuwa wako, mngepatana nini?