Moyo Upigwe Picha Ungali Unaenda Mbio

Mtu akishuka kwenye mashine ya mazoezi, akapewa kiti, maji na dakika tano za kuvuta pumzi, kisha ndipo akapigwa picha ya moyo ya eko, yaani ya mawimbi ya sauti, picha hiyo inaweza kumtangaza mzima ilhali mshipa mmoja unaolisha moyo wake umebana vibaya. Wataalamu hutaka picha zote ziwe zimepatikana ndani ya sekunde 60 hadi 90 tangu miguu isimame.

Chukua mkulima wa Kamuli, Kyerwa, anayepandisha kilima na mkungu wa ndizi kichwani. Katikati ya mlima kifua kinambana. Anautua mzigo, anakaa, maumivu yanaisha. Siku chache baadaye anafika hospitali, analala kitandani, anapimwa umeme wa moyo na karatasi inatoka safi. Karatasi haikusema uongo: imeupima moyo uliotulia. Kwa moyo uliotulia, hata mshipa mwembamba hupitisha damu ya kutosha.

Mashine ya mazoezi inamrudisha mlimani. Kwa utaratibu wa Robert Bruce, daktari wa Seattle, mkanda huanza kwa kilomita 2.7 kwa saa ukiwa na mwinuko wa asilimia 10, na kila baada ya dakika 3 kasi na mwinuko huongezwa. Mapigo ya moyo yanatakiwa yafikie asilimia 85 ya 220 kutoa umri. Kwa mwenye miaka 50 ni takriban 145. Hapo sehemu ya ukuta wa moyo inayokosa damu huzembea: sehemu nyingine zinajikunja kwa nguvu, yenyewe inabaki nyuma. Eko hulinasa hilo waziwazi. Lakini mapigo yakishuka, mahitaji ya damu nayo hushuka, na ukuta ule huanza tena kujikunja kama kawaida. Aliyezoea kazi nzito za shamba mapigo yake hushuka upesi zaidi, kwa hiyo muda wa kumpiga picha ni mfupi zaidi.

Ndiyo sababu mtaalamu makini humwonyesha mgonjwa kitanda kabla ya mazoezi, humtia alama kifuani na kumfundisha kulalia ubavu wa kushoto na kuzuia pumzi. Ukihimizwa ukalale huku unahema, usidhani umefanyiwa ukali. Asiyeweza kutembea kwa kasi hutiwa dawa ya dobutamini kwa dripu na kupigwa picha dawa ikiwa kazini. Huyo hana haja ya kukimbizana na sekunde.

Kwa kipimo cha mionzi mambo ni kinyume. Dawa yenye technishiamu huchomwa mshipani mazoezi yakiwa kileleni, na mgonjwa huendelea kutembea dakika moja au mbili ili misuli ya moyo iipokee. Ikishaingia hutulia humo. Kamera ikianza kazi dakika 15 hadi 60 baadaye, bado huonyesha damu ilivyogawanyika pale kileleni, na kusubiri huko hupunguza mng'ao wa ini unaoficha moyo. Thaliamu, dawa nyingine ya kipimo hiki, haitulii hivyo: picha ya kwanza hupigwa mapema, ya pili saa 3 hadi 4 baadaye.

Kutoka Kamuli hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni safari ndefu ya rufaa. Mweleze daktari wa kwanza maumivu yalikukuta ukifanya nini na yalikoma vipi. Maelezo hayo yana uzito zaidi kuliko karatasi safi. Maumivu ya kifua yasiyokoma hata ukiwa umepumzika ni dharura, wala hayangoji mashine. Uliza pia mapema kama dawa zako za kupunguza mapigo, mfano atenololi, zisitishwe. Usiziache kwa uamuzi wako. Na ikiwa utapimwa kwa adenosini, kahawa ya kutafuna anayokaribishwa mgeni Kagera uikatae angalau saa 12 kabla, kwa kuwa kafeini huzuia dawa hiyo kutanua mishipa.