Mchoro wa mkaa na kamera ya kompyuta

Nilizaliwa na kusoma katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Tanzania. Nyumba yetu ya Burundi niliijua kwa mchoro wa mkaa ambao baba aliuchora ukutani. Niliporejea mwaka 2008, pale kilimani nilikuta migomba ya jirani.

Siku hizi kompyuta inaweza kuisimamisha nyumba ile juu ya picha ya kiwanja, kwenye kioo cha simu. Taabu ni kwamba kitu bandia hujulikana upesi, maana ni kisafi kuliko picha ya kamera. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, walionyesha dawa yake. Programu yao ilirahisisha rangi na kuchora mistari myeusi kwenye kingo za kila kitu, cha kweli na cha bandia. Vyote vikawa kama katuni, tofauti ikafifia.

Wanafunzi wangu hulifurahia somo hili, lakini huwaonya. Bashingantahe walitaka mashahidi wa shamba letu, si mchoro. Nanyi wafanyabiashara wa mpakani, mkionyeshwa mzigo kwenye simu, nendeni mkaushike kwanza.