Mkate wa jana ndio unaofaa tosti

MKATE uliolala aghalabu hutupwa au kumwagiwa kuku, ilhali ndio unaotoa tosti nzuri kuliko ule ulionunuliwa asubuhi ungali laini.

Sababu yake ni maji. Maadamu uso wa mkate ungali na unyevu, joto lake haliwezi kupita sana nyuzi 100 za Selsiasi, kwani nguvu ya moto huishia kuyakausha maji hayo. Rangi ya kahawia na ile harufu inayoamsha njaa huanza kujitokeza vyema joto likikaribia nyuzi 140, wakati sukari na protini zinapoungana. Jambo hili lilielezwa mwaka wa 1912 na Mfaransa Louis-Camille Maillard, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Mkate wa jana una maji machache usoni, hivyo hupata rangi upesi kabla ya kiini chake kukauka.

Wengi huuhifadhi mkate kwenye friji wakidhani wanaukinga. Kumbe baridi hiyo huharakisha ugumu wake! Afadhali ukae kabatini ndani ya mfuko wake kwa siku chache, au ugandishwe kabisa kwenye friza. Mbale zilizoganda zaweza kutiwa motoni moja kwa moja. Lakini mkate ulioota ukungu usibanikwe hata kidogo, kwa kuwa baadhi ya sumu za ukungu haziangamizwi na moto wa jikoni.

Asiye na tosta hana hasara. Kikaango kizito hutosha. Kitie moto wa wastani, bila mafuta, kisha ulaze mbale zako na kuzikandamiza kidogo kwa mgongo wa mwiko ili ziguse chuma kote. Dakika mbili kila upande kwa kawaida hutosha. Moto mkali huunguza uso na kuacha ndani kubichi na baridi.

Siagi ipakwe baada ya mkate kutoka motoni. Siagi halisi huwa na maji yapatayo asilimia 16, pamoja na chembe za maziwa ambazo huungua haraka. Anayependa mkate uliokaangwa kwa siagi hatakosea, ila hicho ni chakula kingine.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna tosta inayoushinda wavu wa waya juu ya jiko la makaa. Siri ni subira: ngoja makaa yawe mekundu na kuvikwa jivu jepesi, maana makaa ambayo hayajashika vizuri hutoa moshi unaoutia mkate uchungu. Usiondoke hapo, kwani kati ya kuiva na kuungua pana nusu dakika tu. Jiko nalo liwe nje au penye hewa ya kutosha, kwa sababu gesi ya makaa huua bila kunusika.

Mkate uliokauka mno uchovye katika yai lililopigwa pamoja na maziwa kidogo, kisha ukaange kwa moto mdogo. (Huu usichanganywe na mkate wa mayai wa watu wa Pwani, ambao ni keki.) Mkate mpya hapa hulegea na kukatika, lakini mkavu hunywa yai lote na kubaki imara.

Kuhusu rangi, komea kwenye dhahabu. Mwaka wa 2002 watafiti nchini Uswidi walitangaza kuwa vyakula vya wanga vinavyopikwa kwa joto kali bila maji huzalisha kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo imesababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Kwa binadamu athari hiyo haijathibitishwa kupitia chakula, ila inajulikana kwamba kadiri mkate unavyozidi kuwa mweusi ndivyo kemikali hiyo inavyoongezeka. Palipoungua pakwanguliwe kwa kisu.

Hatimaye, usizipange mbale moto moja juu ya nyingine kwenye sahani. Mvuke hunaswa katikati na kuzirudisha katika ulaini. Ziegemeze wima kwa dakika moja, ndipo upake siagi.