Mimea ya Kibanja na Nguvu Zake

Katika nchi ya Wahaya, yaani Bukoba na Muleba, nyumba husimama katikati ya migomba. Shamba hilo huitwa kibanja. Mgeni hudhani kwamba kibanja ni ghala la chakula tu. Kumbe ndimo wanamozikwa wazee wa ukoo, na ndimo vilimojengwa zamani vijumba vya mizimu, kama vile Mugasha, bwana wa ziwa. Kwa hiyo mimea mingine ya kibanja ilipewa kazi isiyo ya kuliwa.

Wa kwanza ni mulamula. Jina lake latokana na neno la Kihaya lenye maana ya kuamua na kupatanisha. Tawi lake likichomekwa ardhini huota, na jua kali haliuui upesi. Basi wazee waliupanda mpakani, na kuung'oa kwa siri lilikuwa jambo la kutisha.

Wa pili ni mbuni. Kabla ya kuja Wajerumani, buni zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikatafunwa na wageni. Tunda moja lina punje mbili, kama pacha. Watu wawili waliotaka undugu wa damu, uitwao omukago, walijichanja tumboni. Kila mmoja akaipaka punje damu yake, na mwenzake akaimeza. Mwenye kuvunja agano hilo aliogopa kuadhibiwa na damu aliyoila.

Je, nguvu hizo zilikuwa ndani ya jani na punje? La. Zilikuwa katika mapatano ya watu. Mmea ulikuwa shahidi wao. Tena siku hizi twajua kwamba damu huchukua maradhi, wala haifai kuchanganywa.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Muleba. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa uowevu wa manjano. Asiyejua humshitaki jirani kwa uchawi. Lakini mwenezaji ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho huchukuliwa na wadudu na visu vichafu. Mgomba mgonjwa hung'olewa, na kisu hupitishwa motoni.

Mulamula hauwezi kuuzuia ugonjwa huo mpakani. Mmoja akisafisha kisu chake na jirani asisafishe, vibanja vyote viwili vitaangamia. Yafaa majirani wapatane, kama wazee wao walivyopatana mbele ya mulamula.