Mume na Mke Katika Ngome za Jangwa

Kila mmoja na awe na daftari na kalamu, na aliyesahau miwani nyumbani akae karibu na mwenzake amsomee. Leo tutasafiri mbali, lakini hatutalipa nauli.

Twaenda Rajasthan, jimbo la kaskazini-magharibi ya India, mpakani na Pakistan. Upande wake wa magharibi ni jangwa liitwalo Thar. Jangwa ni nchi kavu yenye mvua kidogo sana. Mjini Jaisalmer, ambako tutafika mwisho wa safari, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, na miaka mingine hupungua. Ukiipima kwa rula ya shule, haifiki mwisho wa rula. Hata hivyo watu walijenga miji humo, nayo imedumu mamia ya miaka. Waliwezaje?

Tuseme kuna mume na mke waliopata likizo. Watoto wamekua, nao wameweka akiba kidogo kidogo, sasa wataka kuona miji ya kale. Mume apenda kuta, milango na mizinga. Mke alichota maji kisimani tangu utoto wake, basi kila afikapo mahali huuliza swali moja: "Watu wa hapa walikunywa nini?" Liandikeni swali hilo juu ya ukurasa.

Mji wao wa kwanza ulikuwa Jodhpur. Mwaka 1459 mfalme Rao Jodha alianza kujenga ngome juu ya jabali. Ngome ni jengo lenye kuta nene la kujikinga na adui. Ngome hiyo yaitwa Mehrangarh, nayo yasimama mita 120 hivi juu ya mji. Mume aliitazama njia ya kupandia akafurahi sana. Njia yapinda ghafula, ili ndovu wa vita wasipate nafasi ya kukimbia na kuupiga mlango kwa vichwa vyao. Tena mlango mmoja umepigiliwa miiba ya chuma kwa ajili ya ndovu hao hao.

"Haya, adui amezuiwa," alisema mke. "Na maji je?"

Wenyeji wana hadithi. Husema kwamba juu ya jabali lile alikaa mtawa, na mfalme alipomhamisha alikasirika, akaapiza kwamba ngome ile itapata shida ya maji daima. Hiyo ni hadithi tu, lakini yatuonyesha watu waliogopa nini. Katika hadithi yao mtawa hakutaja moto wala upanga. Alitaja kiu.

Sasa sikilizeni jibu. Chini ya kuta za ngome kuna ziwa dogo lililotengenezwa na watu, liitwalo Ranisar. Lilitengenezwa kwa amri ya Malkia Jasmade Hadi, mke wa Rao Jodha. Mvua inyeshapo juu ya mawe, maji huteremka yakakusanyika humo. Basi mume alijenga ukuta, na mke akaweka akiba ya maji. Ukuta bila maji ungaliwafaa siku ngapi? Adui angalikaa chini akingoja, na kiu ingalimfanyia kazi.

Mjini kuna pia kisima cha ngazi kiitwacho Toorji ka Jhalra, kilichojengwa katika karne ya 18 kwa amri ya mke wa mfalme mwingine. Kisima cha ngazi ni shimo kubwa lililojengwa kwa mawe, lenye vidato vingi vya kushukia. Maji yakijaa, wachota karibu. Yakipungua, washuka zaidi. Kwa miaka mingi kisima hicho kilijaa taka na maji machafu, kwa maana watu walipata mabomba wakakisahau. Miaka ya karibuni kilisafishwa, na sasa watu huenda kukitazama.

Kutoka Jodhpur wasafiri wetu walipanda garimoshi kuelekea magharibi, mwendo wa kilometa 300 hivi, hata wakafika Jaisalmer. Mji huo ulianzishwa mwaka 1156 na Rawal Jaisal. Ngome yake ni ya mawe ya rangi ya manjano, na jua likichwa hung'aa kama dhahabu. Zamani misafara ya ngamia ilipita hapo na bidhaa, na wafanyabiashara wakatajirika. Maji yao yalitoka visimani, na katika ziwa la Gadisar, lililochimbwa nje ya mji kukinga mvua. Ngome nyingi duniani leo ni tupu, lakini katika hii watu wangali wakiishi, wapatao elfu kadhaa, pamoja na maduka yao na mahekalu.

Mume alitaka kulala humo. "Mwenzangu," alisema, "ni lini tena tutapata kulala ndani ya ngome ya miaka 800?"

Mke akajibu, "Ni kweli, mume wangu. Lakini maji tutakayooga yatakwenda wapi?"

Hapo ndipo penye somo letu. Kilima cha Jaisalmer si jabali gumu kama la Jodhpur. Kina mawe laini, mchanga na udongo wa mfinyanzi. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huvimba, na ukikauka hunywea. Msingi uliokaa juu yake husogea kidogo kidogo, na ukuta ukapasuka.

Zamani maji yalibebwa kichwani mpaka juu, kwa hiyo hakuna aliyeyamwaga ovyo. Kisha mabomba yaliletwa. Jambo hilo lilikuwa jema, maana liliwapunguzia akina mama mzigo mzito. Lakini matumizi ya maji yaliongezeka sana, na nyumba nyingi ziligeuzwa kuwa hoteli zenye bafu na vyoo vya maji. Mifereji ya kuyatoa haikutosha, na mingine ilivuja. Maji yakazama kilimani. Katika miaka ya 1990 shirika la World Monuments Fund liliitia ngome hiyo katika orodha ya majengo yaliyo hatarini. Mwaka 2013 UNESCO iliiandika, pamoja na ngome nyingine 5 za Rajasthan, kuwa urithi wa dunia. Kuta na mifereji imetengenezwa, lakini hatari haijaisha. Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ukuta iliporomoka.

Mwaona ajabu hii? Kwa karne nyingi watu wa jangwa waliogopa kukosa maji. Leo ngome yao yadhurika kwa maji yasiyo na njia ya kutokea.

Je, wageni wasiende? Sivyo. Wakazi wa ngome hupata riziki kwa wageni, na wageni wote wakikoma watoto wao watakula nini? Mume na mke wetu walishauriana, wakapanga chumba nje, chini ya kilima. Mchana walipanda, wakala chakula kwa wenyeji na kununua nguo kwao. Jioni waliteremka. Fedha yao iliingia ngomeni, maji yao hayakuingia.

Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi leo ukifika nyumbani, zunguka nyumba yako. Tazama maji ya bafu yanakwenda wapi, na maji ya paa yanadondokea wapi. Yakisimama karibu na msingi, chimba mfereji uyaongoze mbali, kabla mvua hazijaanza.

Sasa jibuni maswali haya katika daftari zenu:

1. Kwa nini njia ya kupandia ngome ya Mehrangarh yapinda ghafula?
2. Nani aliamuru ziwa la Ranisar litengenezwe?
3. Udongo wa mfinyanzi hufanya nini ukilowa?
4. Ungalikuwa wewe, ungalilala ndani ya ngome au nje? Andika sababu zako kwa sentensi tatu.

Swali la nne someaneni, kisha mjadiliane. Kwaherini mpaka somo lijalo.